Mwaka Tuliokuwa Wagweno

Elinaja tulimzika Bombo mwezi uliopita, na kijana aliyesoma historia ya marehemu alinitaja miongoni mwa watoto wa nyumba ile bila hata kukohoa. "Marehemu ameacha wadogo zake wawili, Nahimana wa Same na Nakundwa wa Tanga." Kisha akaendelea na habari za ugonjwa, kama ilivyo kawaida. Nilikuwa nimeketi chini ya turubai pamoja na wafiwa, kanga kiunoni kama wenzangu, nikalia upya. Si kwa sababu ya kifo tu. Elinaja alikuwa amechoka, na sote tulijua. Ni ule wepesi wa sentensi. Kijana yule hakujua kwamba ili yeye aisome hivyo, kuna watu walishikana mashati na mbuzi mmoja akaliwa. Tuliposhuka mlima, mjukuu wangu aliniuliza ndani ya gari, "Bibi, kumbe wewe ni Mpare wa Bombo? Si unasemaga ulizaliwa Burundi?" Nikamwambia anyamaze, barabara ina kona nyingi na mimi natapika upesi. Lakini swali lenyewe halikunyamaza. Na kwa kuwa sasa tumebaki mimi na mdogo wangu tu tunaoukumbuka mwaka ule, na yeye anaukumbuka vibaya, nimeona niandike.

Sitaanza na kwetu. Kwetu tulipaacha nikiwa mdogo, na nikianza kupasimulia nitaanza kubuni. Inatosha kusema kwamba baba alitutoa Urundi akafuata kazi ya mkonge, nchi hii ikiwa bado mikononi mwa Mwingereza, na homa ikamuua katika shamba moja kule bondeni upande wa Ndungu, mama akiwa ametangulia siku nyingi. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na miwili hivi. Mdogo wangu Keza alikuwa ndiyo kwanza ameng'oka meno ya mbele. Tulikaa katika chumba cha mabati kwenye safu ndefu ya vyumba vya manamba, ndivyo walivyoitwa vibarua wa mkataba, na ukuta wa bati una sifa moja: jirani akijikuna unasikia. Ndiyo maana nilisikia. Udongo wa kaburi la baba haujakauka, nimekaa sakafuni nachambua maharage, nikamsikia nyapara Bihogo upande wa pili akimwambia mtu, "Wale watoto nawachukua mimi. Yule mkubwa ana mikono, atalipikia genge langu. Mdogo naye atakua." Bihogo alikuwa Mrundi mwenzetu, mtu mrefu mwenye sauti nzuri, na genge lake lilikuwa la wanaume watupu. Msichana aliyelipikia kabla ya hapo naye alikuwa akiitwa "mtoto wa ndugu yangu". Nilizoea kumwona kwenye tangi la maji, mikono imebabuka, hasalimii mtu. Siku moja alipandishwa lori kupelekwa shamba jingine, na hakuna aliyeuliza ni lipi. Kwa hiyo niliposikia maneno yale maharage yalinimwagika, na Keza akacheka, akidhani ni mchezo.

Mama Elinaja alikuwa mama wa Kipare aliyeshuka kutoka Bombo siku za mshahara kuuza ndizi na maharage langoni mwa kambi. Baba alizoea kumtua mkungu kichwani, wakataniana kidogo kwa Kiswahili cha kuokoteza, basi, undugu wao ulikuwa huo. Siku ile aliniuliza baba yuko wapi, nikamwambia. Akaniuliza tunakaa na nani, nikamwambia hilo pia, pamoja na niliyoyasikia kupitia bati. Hakusema pole. Aliendelea kumpimia mteja maharage, akalisawazisha kopo kwa kiganja, na bila kuniangalia akasema, "Nikiondoka, mnibebee vikapu. Mkiulizwa, semeni mnanisindikiza." Tukapita mbele ya Bihogo mwenyewe, amesimama kwenye kivuli cha lori anavuta sigara, Keza kajivika kikapu kichwani kama kofia. Akatuuliza tunakwenda wapi. "Tunamsindikiza mama," nikajibu. Akacheka, akasema tusichelewe kurudi. Nimesindikiza watu wengi maishani mwangu, lakini safari ile haijaisha mpaka leo.

Jiko la Mama Elinaja lilikuwa kubwa kuliko chumba chetu cha kambini. Mahindi yalining'inia juu ya moto yakiwa meusi kwa moshi, na upande mmoja, nyuma ya fito, alifungwa beberu mnene aliyetutazama kama sisi ndio tuliofungwa. Huko juu palikuwa na baridi ambayo hatukuijua. Tulipewa makande ya moto, mahindi na maharage yaliyochemka mpaka yakalainika, na Keza alisinzia na kijiko mdomoni. Mimi sikusinzia, kwa sababu nyuma ya mlango Mzee Elieza, mwenye nyumba, alikuwa akizungumza na mkewe kwa Kiswahili, nadhani ili binti yao Elinaja aliyekuwa karibu nao asielewe yote.

"Mama Elinaja, umeniletea kesi nyumbani."

"Nimekuletea watoto."

"Watoto wana wenyewe. Mwenyewe akipanda mlima huu na askari, nitamwambia nini?"

"Utamwambia ni watoto wa kaka yangu, yule aliyehamia Ugweno."

"Hawajui hata neno moja la Kigweno."

"Na wewe unajua mangapi?"

Hapo mzee alinyamaza, na katika kunyamaza kwake ndipo tulipopata makazi. Ugweno iko kule kaskazini, mwisho kabisa wa milima ya Upare, na watu wake wana lugha yao ambayo Mpare wa Bombo haielewi. Kaka wa Mama Elinaja kweli alikuwa amekwenda kuoa huko, Shighatini, na hakurudi tena. Kwa hiyo Kipare chetu kikiwa kibovu, sababu ipo: ni Wagweno. Tukishangaa vitu, ni Wagweno. Jina langu halikuhitaji kuguswa, maana wanawake wengi wa Kipare majina yao huanza na Na-, na Nahimana likapita kama mtu wa nyumbani. Keza akaitwa Nakundwa. Nchi nzima inawatania Wapare kwamba wako radhi kuuza ng'ombe wapiganie kesi ya kuku, lakini Mzee Elieza alikuwa Mpare wa aina yake. Alikuwa mzee wa kanisa, mwembamba, mwenye sala ndefu, na aliogopa kesi kuliko nyoka. Kila mbwa alipobweka aliangalia njia ya kutoka bondeni. Sikumpenda mwaka ule. Nilimwona kama mtu anayehesabu hasara akitutazama, na ukweli ni kwamba alikuwa anahesabu.

Sharti lilikuwa moja tu: Kirundi kisisikike. Si shambani, si njiani, si kitandani. Mama Elinaja alitueleza bila ukali, kama mtu anavyomweleza mtoto habari za moto, na mimi nikalishika sharti lile kuliko yeye mwenyewe. Keza akininong'oneza chini ya blanketi, nilimfinya. Akiimba kwa Kirundi huku akichezea maganda ya ndizi, nilimfinya. Miezi ikapita, akaacha kuninong'oneza, akawa ananena Kipare na watoto wa majirani kwa ulimi mwepesi kunishinda, nami nikajisifu moyoni kwamba nimemlea vizuri. Leo nikiwa na wajukuu naona nilichokuwa nakifanya. Lakini siku zile nilikuwa na hofu moja tu, kwamba kosa dogo litatushusha bondeni, na mwenye hofu ya namna hiyo hana upole wa kumpa mtu.

Elinaja naye alikuwa hatari. Alinizidi kama mwaka mmoja, na tulipofika tulimnyang'anya kitanda, kwa maana tulilala watatu, tukamnyang'anya na gauni la sikukuu, ambalo mama yake alilikata akamshonea Keza. Siku moja nikiwa nyuma ya jiko natafuta kuni nilimsikia akimwambia mama yake, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulia, "Nitakwenda kwa Mama Yoeli, nimwambie si Wagweno." Mama Yoeli alikuwa jirani yetu wa juu. Nilibana kuni kifuani nikasubiri. "Kaseme," Mama Elinaja akajibu. "Halafu urudi ulale kitanda chote peke yako." Elinaja hakwenda. Lakini usiku alinigeuzia mgongo, na mimi nikajibana ukutani, nikijua kwamba maisha yangu yamo mdomoni mwa msichana anayedai gauni lake.

Jambo ambalo kila mtu analijua halifundishwi. Mama Elinaja alinifundisha kulima, kupika bada, ule ugali wa muhogo, kusalimia wazee, kukaa kanisani. Hakunifundisha habari za chemchemi kwa sababu hakuna mtoto wa Kipare anayefundishwa. Ilikuwa katikati ya kiangazi. Maji yetu yalitoka kwenye chemchemi iliyokuwa karibu na nyumba ya Mama Yoeli, na yaliyobaki yaliingia kwenye ndiva, lile bwawa la udongo ambamo wanakijiji hukinga maji usiku wakayafungulia mashambani asubuhi. Siku hiyo Elinaja alikuwa ametoka na debe, vibuyu vyote vimejaa mbegu, nami nilitaka kumfurahisha Mama Elinaja kwa kuteka maji kabla hajarudi nyumbani. Nikachukua sufuria ya kupikia, ileile ya mekoni, nyeusi tii nje, nikaizamisha chemchemini mpaka ukingoni. Kambini tulizamisha chochote tulichonacho kwenye tangi. Masizi yakatanda juu ya maji. Nikasikia mtu amesimama nyuma yangu.

"Mtoto," Mama Yoeli akasema polepole, "wewe ni wa nani?"

Chombo kilichokaa motoni hakigusi chemchemi. Kinachotumbukizwa ni kibuyu au kata safi, na masizi yakiingia, maji huchukia yakahama. Hata mtoto anayetambaa kule huvutwa mkono akikaribia na chungu. Mama Elinaja alipopata habari aliketi chini mlangoni, akaishika ile sufuria mapajani kama mtu aliyeletewa msiba. Hakunigombeza, na hilo lilinitisha zaidi. Chemchemi nayo, iwe kwa kiangazi au kwa hasira, ilipungua, na Mama Yoeli akaenda kwa jumbe.

Lazima nimweleze mama huyu. Alikuwa mjane, mfupi, mwimbaji mzuri wa kanisani, na alikuwa na kigoda chake maalumu cha kwendea barazani. Wengine wakitoka nyumbani na kitabu cha nyimbo, yeye alitoka na kigoda. Alikuwa ameshashtakiana na karibu kila nyumba kuhusu mipaka, kuku, migomba na maneno, na aliposhindwa hakununa. Alikwenda kutafuta kesi nyingine. Barazani kwa jumbe alikiweka kigoda mbele kabisa, akasema, "Sisemi mtoto ni mchawi. Nasema sufuria ina masizi na maji yamepungua. Nataka mbuzi."

Jumbe alikuwa mtu mzima mwenye koti la kaki na subira ya kutosha. "Mtoto ametoka Ugweno," akasema. "Huenda kwao hawana mwiko huo."

"Kwani Ugweno hawapiki?" Mama Yoeli akauliza. "Hata huko masizi ni masizi."

Watu wakacheka. Kisha wakaacha kucheka, mmoja mmoja, wakaanza kuniangalia. Nilikuwa nimesimama katikati yao, na nilihisi kila jicho likiutafuta Ugweno usoni mwangu lisiuone. Jumbe naye aliniangalia, halafu akamgeukia Mzee Elieza. Akamkumbusha kwamba faini ya chemchemi hutozwa mwenyeji. Mgeni aliyekosa kwa kutojua hatozwi kitu, anarudishwa alikotoka, basi. "Sasa wewe utuambie. Huyu ni mgeni, au ni mtoto wako?"

Kipare nilichokuwa nacho kilitosha kuelewa hilo, na nikaelewa pia kwamba mzee amefunguliwa mlango. Akisema neno moja tu, mgeni, atabaki na beberu wake na hofu yake yote itashuka mlima pamoja nasi. Beberu mwenyewe alikuwa akinenepeshwa kwa karamu ya kipaimara cha Elinaja. Mzee alikuwa akiizungusha kofia mikononi, anaizungusha tu. Jumbe alipoona hajibu, akamwita Elinaja mbele. "Wewe binti, huyu ni nani kwako?"

Elinaja aliniangalia. Akamwangalia Keza aliyevaa gauni lake. Nilijua alijua kwamba jibu lake litakula karamu yake mwenyewe, na nilianza kulia kabla hajafungua mdomo.

"Ni mdogo wangu," akasema. "Analala upande wa ukutani kwa sababu anaogopa kuanguka."

Hakuna aliyemuuliza ninalala wapi. Lakini neno lile lilikuwa la kweli, na watu walilisikia. Mzee Elieza aliacha kuizungusha kofia. "Ni mtoto wangu," akasema. "Mbuzi atatoka kwangu." Akaketi upesi, kama mtu aliyeogopa kuwa atabadili mawazo akiwa amesimama. Beberu alichinjwa karibu na chemchemi. Mchungaji alisali kwanza, kisha akaondoka ili wazee wafanye yao, na wote waliohusika waliona huo ni mpango mzuri. Mama Yoeli, kwa kuwa ndiye mshitaki, alipata paja zima. Elinaja alipata kipaimara chake kwa chai na viazi vitamu. Hakulalamika mbele yangu hata siku moja, na usiku wa baraza lile ndipo aliponigeuzia uso kwa mara ya kwanza akaniuliza kama huko kwetu kuna milima.

Ningependa kuandika kwamba baada ya hapo tulistarehe. Lakini kesi husafiri kuliko watu. Akina mama walishuka gulioni na ndizi zao, wakasimuliana habari za mtoto wa Ugweno aliyechovya masizi chemchemini na asemaye Kipare kama mtu mwenye jiwe kinywani, na anaye mdogo wake asiye na meno, na habari zikafika masikioni mwa mtu aliyekuwa bado anatutafuta. Tulikuwa tunamenya ndizi baragumu lilipolia kwa jumbe, asubuhi, siku isiyo ya kazi za kijiji. Mama Elinaja alitoka nje, akaongea na mtu njiani, akarudi. Akatunawisha nyuso. Nilimuuliza ni nini. "Tembea karibu yangu," akasema. Mzee Elieza alitangulia, na shingo yake ilikuwa imekakamaa.

Bihogo alikuwa amevaa shati jeupe. Pembeni yake alisimama askari wa shamba, mwenye rungu, mtu wa tambarare za Upare hukohuko. Bihogo alimwamkia jumbe shikamoo, akawaamkia wazee wote, akasubiri aitikiwe. Kisha akasema kwa ile sauti yake nzuri kwamba marehemu baba yetu alikuwa ndugu yake, kwamba kwa mila za kwao yeye sasa ndiye baba, na kwamba ametutafuta mpaka miguu imevimba. Macho yake yalilowa. Nawaambia kweli, kama ningekuwa mgeni pale ningemwonea huruma. Wanawake kadhaa walitikisa vichwa.

"Hapa watoto hawa tunawajua kuwa Wagweno," jumbe akasema.

"Sibishani na wewe, mzee wangu. Niruhusu niwaite tu."

Akachuchumaa. Akafungua mikono, akasema kwa Kirundi, taratibu, kama baba alivyokuwa akisema akirudi kazini, "Keza, ingo. Ingo, mwana wanje." Njoo, mwanangu.

Keza aliuachia mkono wangu. Tangu baba afe, hakuna aliyemwita kwa upole katika lugha ile. Mimi niliyekuwa nayo nilimpa vidole vya kufinya. Nilimwona akitembea, hakimbii, anatembea tu, uso umelegea kama mtu anayesikia harufu ya nyumbani. Nikaita, "Nakundwa!" Hakugeuka. Nikaita tena, na Mama Elinaja akaita, na mtoto akaendelea kwenda. Nilielewa kwamba nikinyamaza nitabaki Mgweno salama, na mdogo wangu atashuka na mtu yule peke yake. Bihogo alikuwa ananitazama juu ya kichwa cha Keza. Alikuwa anatabasamu.

"Keza!" nikapiga kelele. "Garuka!" Rudi.

Akasimama. Na baraza lote likasimama pamoja naye.

"Basi," Bihogo akasema, akiinuka na kupangusa magoti. "Mmesikia wenyewe."

Jumbe alimgeukia Mzee Elieza. "Hicho ni Kigweno?" Mzee alifungua kinywa. Aliposema mimi ni mtoto wake, nadhani hakuliona kuwa uongo. Hili lilikuwa jambo jingine, na mchungaji alikuwa amekaa pale. "Si Kigweno," akasema. Mama Elinaja alinivuta karibu yake. Askari alishika rungu vizuri, akapiga hatua kumfuata Keza.

"Jumbe," Mama Yoeli akasema kutoka kwenye kigoda chake, "nina swali."

Watu waliguna. Jumbe akafumba macho kidogo. "Uliza."

"Tulipokula mbuzi wa Elieza, tulimla kwa kosa la nani?"

"La mtoto wake."

"Tuliamua barazani, au tuliamua jikoni?"

"Barazani, Mama Yoeli. Unajua."

"Basi mtoto ni wa Elieza, na mdogo wake pia, na kesi imekwisha. Akiwa wa huyu bwana, maana yake Elieza alitozwa bure, na kesho atakuja mlangoni kwangu kudai mbuzi. Mimi paja nimeshakula. Sirudishi." Akageuka na kigoda chake mpaka akamwelekea Bihogo. "Na wewe, kama mtoto ni wako, sufuria nayo ni yako. Ulikuwa wapi akichafua maji yetu? Utaleta mbuzi wako atusafishie upya. Utanieleza na maji yaliyopungua tangu siku ile. Ukikataa hapa, tutakwenda Same kwa Bwana Shauri, yule Mzungu wa wilaya. Akiahirisha, tutarudi. Mimi sina haraka, baba. Mashahidi ninao, na cha kukalia ninacho."

Hakuna aliyecheka. Kule Bombo, hilo halikuwa jambo la kuchekesha. Kila mtu pale alikuwa ameshapitishwa na mama huyu katika njia hiyo. Bihogo alianza kusema kitu kuhusu damu na mila, Mama Yoeli akamuuliza kama maneno hayo yuko tayari kuyarudia Same mbele ya Bwana Shauri, na ataje jina la babu anayewaunganisha. Bihogo akageuka kumtafuta askari wake. Yule askari, ambaye alikuwa Mpare na alijua anachokitazama, akamgusa mkono. "Twende zetu, bwana," akamwambia. "Huyu mama atatuzeesha." Jumbe akasema baraza halirudii kesi iliyokwisha kuamuliwa, akakifunga kikao. Bihogo aliondoka bila kuaga. Mimi nilikimbia nikamkumbatia Keza kwa nguvu mpaka akalia, nami nikalia, na Mama Elinaja akatukumbatia sote wawili pale pale mavumbini.

Kwa miaka mingi mimi na Elinaja tumebishana kama Mama Yoeli alituokoa sisi au aliliokoa paja lake. Elinaja alisema ni paja. Mimi nilikuwa nikisema mtu aliyeshika kesi nyingi namna ile anajua vizuri anamtetea nani. Mwenyewe hakutusaidia kuamua. Nilipomwamkia shikamoo kesho yake, aliitikia marahaba kama alivyoitikia siku zote, akaniambia nisimame mbali na migomba yake. Mpaka anakufa sikuwahi kumshukuru kwa mdomo, kwa kuogopa kwamba angesema hakuelewa ninachoshukuru.

Jioni ya siku ile Bihogo alipoondoka tulikula bada na maharage jikoni, na upande wa fito ulikuwa mtupu. Mzee Elieza alisali sala fupi, kwa mara ya kwanza tangu tufike. Kisha Keza, akimega bada, akasema kwa Kipare, "Yule mtu alikuwa anasema kama baba." Mikono yote ikasimama. Nilimwangalia Mama Elinaja, naye akamwangalia mumewe. Mzee akameza tonge lake. "Kijiji kizima kimekwisha sikia," akasema. "Mjibu mdogo wako kwa lugha yenu. Humu ndani semeni."

Nikaweka chakula chini. Nilimwambia mdogo wangu kwa Kirundi kwamba yule hakuwa baba, kwamba baba alikuwa mpole kuliko yule, alimbeba mabegani njia nzima kutoka kwetu na hakumtua hata alipochoka, na kwamba nimemfinya sana na ninaomba anisamehe. Nilisema mengi, yalitoka yote kwa pamoja, na nililia nikiyasema. Keza alinisikiliza mpaka mwisho, akinikazia macho. Halafu akamgeukia Elinaja, akamuuliza kwa Kipare, "Dada amesema nini?"

Elinaja hakujua neno hata moja la Kirundi. Alinitazama, akamtazama mtoto, akamsogezea bakuli la maharage.

"Amesema ule," akamwambia. "Chakula kinapoa."